Bumu Limesoma, Daftari Limejaa

Mxii! Eti vijana wa chuo hawajui hela. Wazee wa kahawa hapa Mabibo wanavyowasema, utadhani wao walizaliwa na akaunti benki.

Hebu tupige hesabu. Hela ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, yaani bumu, ni 10,000 kwa siku. Zamani ilikuwa 8,500. Ila haiji siku kwa siku. Inashuka ya siku 60 kwa mkupuo: laki sita, chwaa! Anayeipokea ana miaka 19, na nyumbani alikuwa anapewa nauli ya daladala asubuhi, chenji anairudisha jioni. Kwao mambo ya hela yanaongelewa chumbani, mlango umefungwa. Laki sita kajifunzia wapi kuishika? Bumu likisoma leo, keshokutwa raba mpya. Wiki ya nne anapiga pasi ndefu, kaweka mkeka wa kubeti. Mkeka ukichanika, anakimbilia mikopo ya kausha damu ya kwenye simu. Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni Novemba 2024, lakini hao jamaa tunawajua: ukichelewa kulipa, wanakutangaza kwa kila namba uliyohifadhi, mpaka kwa shangazi.

Na msiniambie darasa la hela litamaliza haya. Mama ntilie wa hapa nyuma ana daftari la madeni, kurasa zimelowa mafuta. Mwenye deni refu kuliko wote anasomea uhasibu, mwaka wa tatu huo, mizania anaichora amefumba macho! Halafu kuna kabinti ka ualimu, kamekulia kwenye genge la mama yake Tandale. Bumu likisoma, hako kanakuja kwanza kulipia ugali wa mwezi mzima, hata vocha hakajanunua. Gengeni ukila hela ya mtaji, kesho huna nyanya za kupanga. Nani wa kukafundisha zaidi ya hapo?

Nyie mnaocheka, mmewahi kuwaambia watoto wenu kwamba bumu ni mkopo? Wengi wanaliita hela ya serikali, na mkataba wamesaini bila kusoma. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kabla haijamfikia. Kwenye laki nane, 120,000 imeshakwenda. Hapo ndipo atakapokupigia simu: "Baba, hapa kazini kuna wizi!"