Bi Baraza Anajibu: Leo Peke Yangu, Kesho na Kundi

Barua zote za wiki hii zimetoka kwa watu walioingia Unguja siku moja kabla ya kundi lao la ziara. Kampuni huwaambia waje mapema wapumzike. Sijapata kumwona mtu wa bara aliyeshuka kwenye boti akapumzika. Anatupa begi, anatoka kwenda kuuona mji, na jioni mie napata barua.

*Bi Baraza, shikamoo. Mimi ni mwalimu kutoka Singida. Nilishuka bandarini saa tano asubuhi, kijana mmoja akaniita dada na kunibebea begi kabla sijaitika. Hadi alasiri tulikuwa tumeupita mlango mmoja wa njumu za shaba mara nne, na kila mara akiniambia ni wa sultani mwingine. Nilipomlipa alitoweka. Sikujua niko wapi, na simu ilionyesha nimesimama baharini. Siku nyingine nifanyeje? — Mwalimu Aliyezungushwa*

Marahaba, mwanangu. Kijana huyo hapa kwetu anaitwa papasi, jina la yule mdudu wa kwenye nyufa anayeuma watu usiku. Wako alikuhurumia, alikuuma mchana. Ila mlango kuuona mara nne si hasara, kama uliutazama juu. Ukiwa na upinde, aghalabu ni mtindo wa Kihindi; ukiwa umekatwa mraba, ni wa Kiarabu. Ungelijua hilo, ungemuuliza sultani wake wa tatu alihamia lini Gujarat.

Ama kupotea, usiogope. Mji Mkongwe ni kama pembetatu: pande mbili bahari, wa tatu barabara ya Darajani, ambapo zamani paliingia mkono wa bahari na watu wakavuka kwa daraja. Ukishika njia moja, mwisho utatokea majini au kwenye daladala. Taabu ni kwamba vichochoro vyetu havikubali kushikwa njia moja. Ndiyo maana kuna baraza. Keti. Muuza kahawa akipita na dele lake, kunywa kikombe kimoja, cha pili, halafu uliza. Na usimuulize aliyesimama, muulize aliyeketi. Aliyesimama ana biashara.

*Bi Baraza, nimemaliza kila kitu siku moja! Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib kwa nje, soko la Darajani, hata nyumba ya Freddie Mercury. Usiku nimesoma ratiba: kesho kundi linapelekwa pale pale, kisha Mkunazini. Ni watu kumi na wanane nisiowajua. Nijifanye sijaona? — Mjuaji wa Kahama*

Jifanye, baba. Kiongozi wenu atawaambia kwamba vita vya tarehe 27 Agosti 1896, kati ya Waingereza na jumba la sultani, havikutimiza hata saa nzima. Atavuta pumzi kabla ya kutaja dakika. Usimtajie! Mtu yule analea watoto kwa pumzi ile. Mkifika Beit al-Ajaib atasema Sultani Barghash alilijenga 1883, halafu atafika kwenye ile Desemba ya 2020 upande wake ulipoporomoka. Hapo hata yeye hunyamaza kidogo. Nyamaza naye. Na hiyo nyumba ya Freddie, umeoneshwa ipi? Zinazodaiwa ni zaidi ya moja. Alizaliwa hapa 1946, hilo halina ubishi.

Lakini Mkunazini nakuomba usijifanye chochote. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na kanisa la Anglikana likajengwa juu ya uwanja wake. Jirani yake wageni huteremshwa kwenye vyumba vya chini, dari limekaribia kichwa, mwanga unaingia kwa tundu jembamba ukutani. Watu kumi na wanane hawawezi kuinama mle pamoja bila mmoja kucheka kwa kugongwa kiwiko. Waache watangulie kutoka. Baki nyuma kidogo, simu iwe mfukoni. Hiyo ndiyo saa ya kusafiri peke yako uliyoitafuta jana kutwa ukaikosa, maana ulikuwa unakimbizana na orodha. Wakikuita, toka taratibu. Basi haliwezi kuondoka bila wewe, wameshakuhesabu.

*Bi Baraza, nipo Forodhani. Nimekula urojo kwa mama mmoja, nikaona haya kula sahani moja tu, nikaenda kwa wa pili, kisha nikamalizia na pizza ya Kizanzibari na juisi ya miwa. Kesho saa mbili asubuhi basi la kundi linakwenda Nungwi na tumbo limeanza kuzungumza. Niwaambie wenzangu? — Tumbo Joto*

Usiwaambie kitu, watakukumbuka kwa hilo ziara nzima. Kunywa chai ya tangawizi isiyo na maziwa, lala, na kesho wahi kiti cha mbele karibu na mlango, maana Nungwi ni zaidi ya saa moja. Ukiulizwa, sema unapenda kuona njia.

Ila barua yako imekuja na doa la manjano pembeni. Nimelinusa: bizari, embe bichi na ndimu iliyokamuliwa kwa mkono usio na haraka. Limetoka kwa mama yupi, wa kwanza au wa pili? Nijibu upesi, leo sijapika.