Hoja ya Pongezi kwa Kijiwe cha Gemu

Naomba kutoa hoja kwamba stori za vijana wacheza gemu, hasa zile zinazopigwa kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, zitambuliwe rasmi kuwa hazina ya taifa, zitengewe fungu katika bajeti, na ikiwezekana zihamishiwe Dodoma pamoja na shughuli nyingine za serikali, ili ziwe mbali na dirisha langu.

Kijiwe ninachokisemea kipo Mwananyamala, kwenye kibaraza cha kibanda cha gemu kilichopakana na chumba ninacholala. Kibanda chenyewe hakina makuu: runinga mbili bapa, PlayStation 3 iliyochipiwa, PlayStation 4 isiyoguswa bila kulipa kwanza, pedi ambazo kila moja ina ugonjwa wake, na feni inayompuliza mwenye mali peke yake. Mwenye mali ni Mangi. Kama Mchaga yeyote anayejiheshimu, Desemba ikishakolea anapanda basi kwenda kuhesabiwa Rombo. Anafunga mlango kwa kufuli mbili, pedi anazitia kwenye begi lake la nguo, maana wateja wake anawajua, na hatumwoni tena mpaka Januari.

Mgeni angedhani vijana nao watatawanyika. Thubutu! Kibanda kikifungwa ndipo kijiwe kinapofunguliwa.

Na hiyo ndiyo sifa kuu ya stori hizi, ambayo nawaomba waheshimiwa wasomaji waitafakari kwa utulivu: hazihitaji gemu. Tazameni gemu yenyewe ilivyo na makuu. Inataka luku. Inataka bando. Inataka runinga isiyo na mstari katikati. Ukishavipata vyote hivyo inakwambia subiri, kuna apdeti. Stori inataka kibaraza na mtu mmoja wa kubisha. Umeme ukikatika mchezaji anashika tama. Mpiga stori anaendelea gizani, tena kwa sauti ya juu zaidi, kwa kuwa hamwoni anayebishana naye.

Historia iko upande wangu. Siku ya Krismasi ya mwaka 2014, wahuni wa mtandaoni waliojiita Lizard Squad waliiangusha mitandao ya PlayStation na Xbox kwa mpigo, na watoto wa Ulaya na Marekani waliokuwa wamefungua zawadi asubuhi wakabaki wanatazama mashine ambayo haiingii mtandaoni. Stori hazikuanguka hata dakika moja. Mwaka uliofuata, Krismasi vilevile, duka la Steam lilichanganyikiwa: mtu anafungua ukurasa wake anakutana na wa mwenzake, barua pepe na manunuzi yake yote hadharani. Kijiwe chetu hakijawahi kuvujisha siri ya mtu kwa bahati mbaya. Kinavujisha kwa makusudi, mwenyewe akiwa amekaa palepale.

Desemba 10, 2020, ikatoka Cyberpunk 2077, gemu iliyosubiriwa miaka. Kwenye PlayStation 4 ilikuwa inaganda, inajizima, watu wanapoteza nyuso. Siku chache tu baadaye Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuanza kurudisha fedha za watu. Kijiweni iliendelea kuchezwa bila hitilafu yoyote. Kuna kijana aliyeimaliza kwa mdomo kabla haijatoka, na ilipoondolewa dukani akaimaliza kwa mara ya pili, safari hii upande wa majambazi.

Halafu kuna GTA. Ile ya tano ilitoka Septemba 2013; waliokuwa darasa la kwanza mwaka ule wameshamaliza kidato cha nne. Ya sita ilionyeshwa kwa video Desemba 2023, ikaahidiwa 2025, ikasogezwa Mei 2026, ikasogezwa tena Novemba 2026. Wakubwa wanahangaika na mahesabu ya kuchelewa kwake, wakati kwenye kibaraza cha Mangi ilishatoka siku nyingi. Mji wameshauzunguka wote, magari wameshayaiba, wamefikia hatua ya kulalamika kwamba ni fupi. Wataalamu wetu wa nishati, ambao hawapati usingizi kwa kuwaza kina cha maji katika Bwawa la Nyerere, wanapita hapa bila kugeuza shingo, na hapa kuna mtambo unaozunguka usiku kucha bila maji, bila gesi, bila vipuri, unaoendeshwa kwa karanga za mia mbili. Ukiunganishwa na gridi ya taifa, tutawauzia umeme Wakenya na chenji itabaki.

Sifa nyingine nazipitia harakaharaka. Stori hizi zinafundisha hesabu, kwani kijana aliyekimbia kugawanya darasani ndiye huyo anayegawanya GB 120 kwa bando la usiku bila kalamu. Zinaimarisha ulinzi wa mtaa. Zinajenga undugu: anayedaiwa mia tano ya mechi hafukuzwi, maana benchi ni lake. Zinatunza kumbukumbu za mashujaa. Adriano wa PES 6, aliyepewa 99 za nguvu ya shuti, anaheshimiwa zaidi Mwananyamala leo kuliko alivyowahi kuheshimiwa Milano. Na zinadumisha lugha ya staha. Nitatoa mfano wa staha hiyo, wa usiku wa kuamkia Boxing Day.

"Mimi pedi ilistaki."

"Pedi haikustaki. Ulikuwa unamwangalia dada wa chipsi."

"Oya, R1 ilistaki. Muulize Mangi."

"Mangi yuko Rombo."

"Mpigie."

Saa nane usiku! Na mechi yenyewe ni ya Novemba! Nimefunga dirisha, nimewasha feni, nimejifunika mto, na bado najua kwamba R1 ilistaki. Nimeijua R1 hiyo kuliko ninavyojua presha yangu. Nimesikia ikitetewa, ikisingiziwa, ikiapiwa kwa jina la bibi wa mtu. Na wewe mwenye sauti ya kukwaruza, unayeanza kila sentensi na "sikia nikwambie," jua kwamba nimesikia, mtaa mzima umesikia, mgonjwa wa nyumba ya tatu amesikia. Ulifungwa. Mtu akifungwa anafungwa, analipa mia tano anakwenda kulala!

Naomba Kiti kiniwie radhi. Nilitoka nje ya hoja.

Nilitoka nje ya nyumba pia. Nilivaa kandambili nikaenda kuwatawanya, nikiwa na hotuba yangu kichwani. Wakanipokea kwa "shikamoo anko" ya pamoja, ya nidhamu kabisa, iliyonipunguzia kasi. Wote walikuwa wameinamia simu moja yenye kioo kilichopasuka, na kumbe habari ya R1 ilikuwa imesitishwa kwa muda. Walikuwa wanajadili mahali pa kuhamia.

"Weka Oregon," alishauri mmoja. "Oregon hawakati kodi."

"Delaware je?"

"Delaware hawakati pia, ila Oregon ndiko waliko wana."

Nikauliza nani anasafiri. Hakuna aliyesafiri. Kijana anayeuza maji barabarani alikuwa anafungua akaunti ya PlayStation. Akaunti inauliza unaishi nchi gani, inakupa orodha, na katika orodha hiyo Tanzania haimo. Kenya haimo. Uganda haimo. Kusini mwa Sahara yote, ukishaitaja Afrika Kusini umemaliza. Ndiyo maana ukipita vijiweni utaona kila mtu ana uraia wake wa siri: huyu yuko Uingereza, yule yuko Marekani, na wale wa Unguja wenye wajomba Muscat wanajiandikisha Oman, ambayo orodhani imo, na angalau wao wakiulizwa wanaweza kutaja jina la mtaa.

Wa kwetu wengi wako Oregon. Nilionyeshwa anuani: nyumba halisi, mtaa halisi wa Portland, ambayo mwenye nyumba yake hajui kwamba anaishi na nusu ya Mwananyamala. Jimbo hilo halitozi kodi ya mauzo, basi taarifa hiyo imesambaa kijiweni kuliko taarifa yoyote ya mamlaka yetu ya mapato. Ukishachagua nchi hubadilishi tena. Na vocha lazima iwe ya nchi uliyojiandikisha. Mmoja wao ana kaka Johannesburg, akamtumia vocha ya sikukuu kwa mapenzi yote ya damu. Ilikuwa ya Afrika Kusini, na Oregon haikupokelewa. Mwingine aliilipia ya dola kwa muuzaji wa mjini, akakuta imeshakwanguliwa na kutumiwa. Sikumcheka. Fedha ile ilikuwa ya maji ya chupa, yaliyobebwa kichwani kwenye jua la barabara ya Kawawa.

Nikajikuta nimekaa kwenye benchi.

Kwa maana mtu huyu hakuomba msaada. Anataka kununua. Mashine zinaletwa, zinalipiwa ushuru, zinapangwa Kariakoo kwa bei ambayo ukiigeuza dola unaona haya kwa niaba ya muuzaji. Fedha ikitoka Kariakoo haiulizwi anuani. Mwenye fedha ndiye anayeambiwa, kwa ukimya wa orodha ndefu, kwamba alipo hapapo, na kama anataka huduma aseme uongo. Halafu akishasema uongo anawekewa masharti ya kurasa kadhaa, na mwisho wake anaambiwa athibitishe kwamba maelezo yake ni ya kweli. Anabonyeza kukubali. Hakuna namna nyingine ya kufika ndani.

Mei 2024 mambo haya yalijitokeza hadharani. Sony iliwataka wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PlayStation, gemu ambayo watu walikuwa wameshailipia na wanaicheza. Likaja swali dogo: na wale ambao nchi zao hazimo? Jibu likawa kuiondoa sokoni katika nchi 177. Wachezaji wa dunia nzima wakachachamaa kwa siku chache na sharti likafutwa. Kijiwe kilijadili suala hilo kwa kina, ingawa hakuna mwenye kompyuta. Mia moja sabini na saba! Mwenye sauti ya kukwaruza alisema nchi zikiwa nyingi hivyo nje ya orodha, basi orodha ndiyo iliyo nje. Sikutegemea kukubaliana naye juu ya jambo lolote.

Na hao wenye nchi zinazotambulika nao wanauziwa nini? Call of Duty: Modern Warfare II ya PlayStation 5, ya mwaka 2022, iliuzwa na diski iliyokuwa na MB 70 hivi. Zilizobaki, makumi ya GB, ushushe mwenyewe. Umenunua kasha. Aliyebuni hilo hajawahi kusimama kwenye duka la vocha akichagua kati ya bando la wiki na mkate. Mwaka uliofuata, Desemba hiyohiyo ya sikukuu, Ubisoft ikatangaza kuifunga The Crew, gemu ya magari ambayo haiendi bila mtandao. Machi 31, 2024 mitambo ikazimwa, na waliokuwa wameilipia wakabaki na kasha lao. Mangi, kwa ubahili wake wote, hajawahi kukuuzia mechi halafu akaja nyumbani kwako kuichukua.

Hapa ndipo naona vijana wa vijiweni wamepata jambo ambalo kampuni kubwa hazijalipata. Vijana wetu wenyewe, bila kutumwa wala kulipwa, walishawatia Simba na Yanga kwenye gemu za simu zinazochezwa kwa programu ya PPSSPP, jezi na wachezaji wakiwemo. Hawakusubiri orodha. Nakubali kwamba nyuso hazifanani, na kwamba kipa mmoja niliyeonyeshwa ana mikono inayopita magoti yake, lakini yupo, na anatoka Dar es Salaam.

Basi naongeza vifungu katika hoja yangu. Kijiwe kisihamishiwe Dodoma kwanza. Stori za R1 zifungwe saa nne usiku kwa amri ya mjumbe. Anayedai pedi ilistaki alete pedi. Na Mangi, kwa kuwa ana utaratibu mzuri wa kurudi kwao akahesabiwa, ateuliwe kuwa mshauri wa kampuni za gemu, akawaeleze huko ng'ambo jinsi ya kuhesabu watu ambao fedha zao umeshazipokea.

Asubuhi ya Mwaka Mpya, saa mbili, nilimkuta yule muuza maji kibarazani peke yake, macho mekundu, kidole kikipanda na kushuka kwenye kioo kilichopasuka.

"Heri ya mwaka mpya," nikamwambia.

"Bado, anko. Kwetu ni saa tatu ya usiku, tarehe 31. Ofa haijafungwa."

Alikuwa anakusanya gemu za bure kwenye akaunti kabla mwaka haujaisha Oregon. Nikamuuliza kama mashine ameshanunua.

"Mashine baadaye. Kwanza makazi."

Kisha akaniomba nimrushie bando la elfu moja, atanilipa Mangi akirudi.