Namna ya Kumtafuta Askari Aliyefia Kahe

Kwanza, hakikisha askari wako ni mzungu. Utapunguza kazi. Jina lake likiwa limechongwa kwenye marumaru ndani ya kanisa Katoliki huko Uingereza au Afrika Kusini, pamoja na tarehe 21 Machi 1916, hapo umeshamaliza: siku hiyo, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Smuts lilikuwa likimsukuma kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, atoke Kahe, chini ya Kilimanjaro, naye usiku akarudi nyuma akiuvuka Mto Ruvu. Peleka jina kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Chai haitapoa kabla hujajua namba yake, kikosi chake na mahali alipozikwa.

Kama unamtafuta mpagazi wa Kilema, huko juu Kilimanjaro, aliyejitwika sanduku la risasi, vaa viatu imara.

Usihangaike na Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927. Maneno ya mwandishi Kipling pale chini yanaahidi kwamba majina yatakumbukwa, ila majina yenyewe hayamo. Labda nafasi haikutosha. Mwaka 2021 Tume hiyohiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mtafiti afurahi: kazi ipo ya kutosha.

Panda parokiani Kilema. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika huko miaka ya 1890, na walikuwa watu wa kuandika. Anza na "Tumsifu Yesu Kristo", ungoje "Milele amina", ndipo utaje vita. Katibu akikuuliza jumuiya yako na bahasha ya zaka, usijifanye profesa. Toa.

Vitabu vya zamani vya ubatizo ni vya Kilatini: jina, tarehe, wazazi, msimamizi, sahihi ya padre. Wewe soma pembezoni, maana huko ndiko ndoa huongezwa baadaye, na pengine kifo. Majina ya Kichagga yaliandikwa jinsi mgeni alivyoyasikia, kwa hiyo yasome kwa sauti, tena na tena, mpaka bibi aliyefuata cheti cha ubatizo cha mjukuu achoke kukusikiliza, akurekebishe, na akutajie ukoo mzima bila kufungua kitabu chochote. Mwandike upesi, cheti kikitoka anaondoka. Kama marehemu wako hakuwahi kubatizwa, pole. Mpagani hana pembezoni.

Sasa shuka tambarare, joto likupokee. Kahe stesheni, pale reli ya Voi inapokutana na ya Tanga, tafuta mzee aliye kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeleta fidia ya vita?"

Usije ukajibu kwamba suala linafanyiwa kazi. Ukitamka hivyo umeshakuwa serikali, na kijiji kizima kitaleta majina.