Maji Yaliyooshwa Katoro

Wakwe walitoka Kishapu alfajiri, wakapita Shinyanga mjini na Kahama, wakaingia Katoro mchana jua likiwa kali, vumbi limewapaka mpaka kope. Walikuwa wazee wanne, mama mmoja wa makamo na mshenga wao. Walikuja kuzungumza ng'ombe wa mahari ya binti mkubwa wa kaka yangu, na kwetu Wasukuma mazungumzo hayo hayaanzi koo likiwa kavu. Wifi akapeleka chai ya maziwa. Chai ilikuwa na povu.

Povu lile lilikaa juu ya vikombe, jeupe na zito, halishuki. Mzee mmoja alilitazama kwa furaha, akasema maziwa ya nyumba hii yamekamuliwa leo leo. Akapiga funda, akanyamaza. Akapiga la pili kwa heshima tu, maana mtu hatemi chai ya ukweni siku ya mahari. Yule mama alikinusa kikombe chake, akakirudisha kwenye kisahani bila neno. Wifi akarudi jikoni mbio, akaonja iliyobaki kwenye sufuria. Sabuni.

Nyuma ya nyumba ya kaka kulikuwa na mapipa mawili ya bluu. Moja lilinunuliwa jipya Geita mjini. La pili alilitoa machimboni, upande wa Nyarugusu alikoweka karasha lake la kusaga mawe, na hapakuwa na mtu wa kumwambia lilibeba nini kabla. Katika ukanda huu wa dhahabu swali hilo ni zito. Wachimbaji wadogo wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, wenye mitambo ya kuchenjua marudio wanatumia sayanaidi, na chombo kitupu hakikosi mnunuzi. Mimi nasema wazi kwamba pipa la namna hiyo halipaswi kuvuka kizingiti cha nyumba yenye watoto, hata lisuguliwe kwa mchanga na majivu kutwa nzima. Wifi aliona hivyo hivyo. Aliposhindwa kumgeuza mumewe akaweka sharti, kwamba lile la machimboni ni la kufulia tu, na liandikwe.

Kazi ya kuandika alipewa binti wa kidato cha tatu, kwa rangi nyekundu. Kaka akamwambia aandike Kizungu, ada anayolipa ionekane. Pipa jipya likaandikwa “DRINKING WATER”, la machimboni “WASHING WATER”. Hapo hakuna kosa. Hata Mwingereza angeandika hivyo hivyo.

Mdogo wake yuko darasa la nne, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Ni mtoto mwenye bidii, wa kwanza kuamka na wa mwisho kuacha daftari. Ukutani darasani kwao kumebandikwa zamu za usafi: “sweeping the floor”, “washing plates”, “watering flowers”. Kila mstari unataja kazi, kisha kitu kinachofanyiwa kazi hiyo. Asubuhi ile watu wazima walikuwa wanahangaika na kuku na majiko, na pipa la kunywa lilikuwa limepungua. Akalisoma pipa la pili kama alivyosoma ukuta wa darasa. Kama “washing plates” ni kuosha sahani, basi “washing water” ni kuosha maji, na kazi hiyo hakuna aliyeigusa. Akatia sabuni ya unga, akakoroga kwa mwiko wa ugali, akaengua povu, akachuja kwa kanga ya mama yake ndoo baada ya ndoo, akajazia pipa la kunywa. Maji yaliyooshwa yameshakuwa safi.

Haya aliyasimulia mwenyewe, kwa fahari, mbele ya mama yake aliyekuwa ameshika sufuria. Sabuni haikumtisha wifi. Kilichomlegeza magoti ni pipa maji yalikotoka. Mama yetu mzazi, bibi wa mtoto, hakungoja ushauri wa mtu. Aliingia sebuleni, akapiga goti mbele ya wakwe, akawaeleza maji yametoka pipa gani, na kwamba hakuna anayejua pipa hilo lilibeba nini. Hakupunguza neno. Wote waliokunywa wakapelekwa kituo cha afya, wakawekwa chini ya uangalizi mpaka jioni. Hakuna aliyetapika wala kuumwa tumbo, na waliambiwa warudi mara moja wakiona dalili yoyote.

Kaka alitoka kituoni akitafuta fimbo. Nikasimama katikati.

“Kaka, mtoto amesoma vile alivyofundishwa. Mwache.”

“Kuosha maji, dada? Nani anaosha maji?”

Aliyemjibu alikuwa mmoja wa wazee wa Kishapu. Ujana wake ameumalizia Mwadui, kwenye mgodi wa almasi uliotokana na ugunduzi wa Mkanada John Williamson mwaka 1940, na vibao vya Kizungu amevisoma miaka mingi. Akamwambia kaka kwamba yapo maji matatu ya Kizungu yanayofanana kwa nje. “Drinking water” ni maji, nayo ndiyo yanayonyweka. “Washing water” ni maji pia, ila hayaoshwi, yanaoshea vingine. Na “running water” ni maji yanayokimbia yenyewe. Kitenzi kimekaa mbele kwa umbo lile lile, lakini maji mara yanatendwa, mara yanatumika, mara ndiyo mtenda.

Nilimpenda mzee yule, maana alitoa darasa ambalo mtoto hakupata. Sisi tukisema kunywa maji tumetaja tendo, tukisema maji ya kunywa tumetaja kitu, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayevichanganya. Tukisema maji ya kufulia, silabi moja imeshasema kwamba hayo hayafuliwi bali kuna nguo inayosubiri. Tuna kuchemsha maji na tuna maji yanayochemka. Mwingereza ana “boiling water” kwa yote mawili. Akiwa anaongea husaidiwa na sauti. Akimaanisha maji ya kunywa hukaza neno la kwanza, akimaanisha kunywa maji hukaza la pili. Pipa halina sauti.

Lugha hiyo yenyewe haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, kilikuwa na miisho miwili: “-ung” au “-ing” kwa jina la tendo, na “-ende” kwa kumsifu mtenda. Midomo ya watu ikaisogeza pamoja, na kufikia karne ya 15 “-ing” ikawa imebeba mizigo yote. Mtoto wa Katoro anabebeshwa mizigo hiyo bila kuambiwa kwamba ni zaidi ya mmoja. Anafundishwa “she is washing”, anaandika “anaosha”, anapata vema. Kisha anakwenda dukani anakuta “washing powder” na “cooking oil”, na hakuna mwalimu aliyemwonya kwamba hapo hauoshwi unga wala hayapikwi mafuta.

Wenzake wa shule za serikali wana njia ndefu zaidi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia msingi, halafu kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Na nje ya shule, mgodi mkubwa wa Geita umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000. Umekuja na vibao, makopo na mifuko yenye maandishi hayo hayo, na makopo hayo yanaishia majumbani. Onyo linaloweza kuokoa uhai wa mtu wa Geita liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Hilo nalisema bila kumung'unya.

Kaka aliisikiliza hotuba yote ameshika kiuno. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akamwaga mapipa yote mawili, akachukua nondo akalitoboa lile la machimboni matundu mengi chini na ubavuni, asiwepo wa kuliokota na kuliuza tena. Binti alifuta maandishi ya pipa jipya, akaandika MAJI YA KUNYWA. Mdogo wake akashika kopo la rangi.

Mazungumzo yalianza usiku, kwa soda. Kaka alitaka kupunguza ng'ombe mmoja kwa ajili ya chai ile. Mshenga alikataa. Wao, alisema, wamekuja kuoa, hawakuja kudai fidia.