Kibaridi Kizuri Kimeniulia Mchikichi

Mtu wa Dar es Salaam akisikia unakaa Mbeya lazima akuonee wivu. "Wenzetu nyie mna kibaridi kizuri!" Hicho kibaridi kizuri kimeniulia mchikichi wangu, na tangu hapo sitaki mtu akisifie mbele yangu, hata kama yuko likizo na soda kalipia yeye.

Na ulikuwa mti mzima, si mche. Marehemu baba aliutoa Kyela ukiwa ndani ya kopo la rangi, akaupanda mbele ya nyumba hapa Soweto. Sasa Kyela iko mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Nyasa, na huko michikichi na kakao vinajiotea. Hapa kwetu ni mita 1,700. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi, kwa hiyo mti wa watu ulihamishiwa nchi nyingine bila hata kuulizwa. Ukavumilia. Haukuwahi kuzaa chikichi hata moja, lakini ulilipita paa, na kivuli chake kimenisaidia kukwepa wageni wengi.

Kipupwe cha mwaka huu kikaja na usiku mmoja wa ajabu: mbinguni kweupe, nyota zote nje, hakuna wingu wala upepo. Mashairi yanausifu usiku wa namna hiyo. Wingu lingekuwepo lingetufunika kidogo. Lisipokuwepo, joto la ardhi linapaa na kupotea, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka taratibu kutoka Loleza na milima ya Uporoto kuja kutuama bondeni tulikolala sisi. Watu wa Kitulo na Makete wameizoea sakitu, wana ng'ombe wao wa maziwa na makoti yao. Mchikichi hauna koti.

Asubuhi maji kwenye sahani ya kuku yalikuwa yametanda kioo chembamba. Nilikigonga kwa kidole, kikapasuka, kuku wakaniangalia kana kwamba ni kazi yangu. Nikatazama juu: mti umesimama, kijani kabisa. Ndiyo tabia yake mbaya hiyo. Mpapai ukipigwa na baridi unakuambia siku hiyohiyo, majani yananyong'onyea unaona. Mchikichi unakufa kimyakimya, unakaa wiki kadhaa umevaa makuti ya kijani, ndipo unaanza kuungua kutoka ncha.

Washauri wakaanza kumiminika. Soweto ukiwa na mgonjwa ndani watu huleta uji. Ukiwa na mti mgonjwa huleta utaalamu. Jirani wa kushoto akasema mwaga maji ya chumvi shinani. Wa kulia akasema chumvi itaua, weka majivu. Mama mmoja wa ndizi, aliyekuwa akipita zake kwenda sokoni, akasimama, akatikisa kichwa: "Mzee, kuna mtu ameutazama vibaya." Akaendelea na safari, akaniacha nikiwapitia watu wote kichwani, kuanzia mashemeji.

Mwishowe nikamwita kijana wa Kyela anayejua michikichi. Akavua malapa, akapanda, akalishika lile kuti changa la katikati ambalo halijafunguka, akalivuta. Kwenye mti mzima utavuta mpaka uchoke. Hili lilitoka lote mkononi bila ubishi, mwisho wake mweusi, linateleza, na harufu ikatufikia chini sisi tulioshika viuno. "Shikamoo, mzee," akasema kutoka juu, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Huu umekwisha."

Nikamwambia tukate kichwa, utachipua. Mpera ukikatwa unachipua, mkaratasi sijui mkaratusi ule ukikatwa unachipua kwa hasira. Akanieleza kwa sauti ya kumliwaza mfiwa kwamba mchikichi una kiini kimoja tu cha kukulia, kiko kileleni, akiba hauna. Kikioza kile, kinachobaki ni nguzo.

Na bora ingekuwa nguzo ya maana. Mbao haina, ndani ni nyuzinyuzi zilizolowa maji. Muuza mkaa nilimpa bure. Akaupiga panga moja, akacheka, akaondoka. Mama ntilie anayepikia kuni akasema nitamfukuzia wateja kwa moshi. Mwenye msumeno wa mashine naye ametaja bei ambayo ningekwenda nayo Kyela, nikarudi na gunia la mchele, na chenji juu. Eti nyaya za umeme ziko karibu. Ziko karibu miaka yote, na hazikuwahi kunidai.

Mama watoto ameshanunua miche ya parachichi na kuipanga ukutani, inasubiri nafasi. "Hii ina hela, baba, inakwenda mpaka nje." Rungwe na Njombe wanayasafirisha kweli, sibishi. Ila naona ameinunua mapema mno kwa mtu aliye msibani.

Juzi nimesikia abiria akimwambia bodaboda, "Nishushe pale kwenye mnazi mkavu." Mnazi! Nikatoka mpaka getini kumweleza kwamba ule ni mchikichi, na umetoka Kyela. Bodaboda akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akaniuliza kama nakwenda Mwanjelwa.