Bima, Tumbo Langu na Mama Mkwe

Jamani, hata kuumwa kunataka bahati. Hapa Nchelenge, Zambia, ukiumwa malaria unapewa pole mpaka uchoke. Sasa nenda kaumwe utumbo mpana! Vidonda ndani, damu chooni, na ugonjwa wenyewe hauponi. Unalala tu, halafu unaamka. Daktari kautaja kwa jina refu, kolaitisi ya vidonda. Sokoni Kashikishi wakanifupisha: “yule wa chooni.”

Nikaandikiwa sulfasalazini. Mkojo unageuka rangi ya Fanta. Sawa, nameza. Shida ni bima. Bima yenyewe ni ya kazini kwa mke wangu, mimi kwenye makaratasi naitwa mtegemezi. Na ndevu zangu hizi! Na siwezi kubisha, Ziwa Mweru limefungwa, Desemba mpaka mwisho wa Februari hakuna kuvua, na mimi nauza samaki.

Bima wakajibu: klemu imekataliwa. Dawa hii ni ya baridi yabisi ya viungo, mgonjwa anaumwa tumbo. Nikayatazama magoti yangu. Mazima kabisa, hayana faida yoyote.

Daktari akaandika barua ya rufaa. Kumbe dawa hiyo ilitoka Sweden, kwa daktari mama mmoja, Nanna Svartz, na kweli alikuwa anatafuta ya viungo. Wenye vidonda vya utumbo nao wakapata nafuu. Tangu miaka ya 1940! Na WHO wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, upande wa tumbo. Mimi ningejulia wapi? Nilidhani Svartz ni aina ya friji.

Barua haikutosha, kuna fomu. Unakwenda haja mara ngapi? Damu ni kidogo, wastani au nyingi? Nipime na nini, kikombe? Mwandiko wangu hausomeki, kijana wa fotokopi akanijazia. Anauliza kwa sauti, foleni yote kimya inasikiliza. “Baba, ni laini au ya maji?” Mama mmoja muuza samaki, wa ng'ambo ya Kongo, akadakia: “Andika ya maji, ndiyo watalipa!”

Daktari alisema wakikataa tena nipeleke malalamiko Lusaka, kwa Pensions and Insurance Authority, wanaosimamia kampuni za bima. Nikalitia jina hilo chini ya barua kwa herufi kubwa. Wakakubali! Kwa miezi mitatu. Baada ya hapo nithibitishe kwamba bado sijapona.

Na jibu hawakumtumia mtegemezi. Walimtumia mwenye bima. Mke wangu kwa furaha akalirusha kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wao, kurasa zote, na fomu humo humo. Mama mkwe yumo. Huyu ambaye kwa mila zetu sithubutu kula mbele yake mpaka nifanyiwe sherehe. Yanayoingia mdomoni mwangu hajawahi kuyaona. Yanayotoka anayo kwa idadi.