Handaki la Nepia

Mpwa wangu aliporudi likizo kutoka Münster, alileta chokoleti, shati lisilonienea, na wazo. Chokoleti tuliila, shati nikampa jirani. Wazo ndilo lililonivunja kiuno.

Yeye ni muuguzi huko Ujerumani. Siku ya mapumziko, badala ya kulala kama mtu aliyetoka zamu ya usiku, hupanda baiskeli akaenda kutazama ngome za watu waliokufa zamani. Jioni ya kwanza alinikalisha kando yake na simu, akanionyesha moja baada ya nyingine. Ile iitwayo Vischering, karibu na mji wa Lüdinghausen, ilianza kujengwa mwaka wa 1271, nayo imekaa katikati ya maji kama donge la ugali kwenye bakuli la mchuzi. Nyingine ni Hülshoff, alikozaliwa mshairi Annette von Droste-Hülshoff mwaka wa 1797, nayo pia imezungukwa na handaki la maji lenye bata. Kuna hata njia ya baiskeli inayozunguka ngome na makasri ya eneo hilo lote, urefu wake unakaribia kilomita 1,000.

"Mjomba, nasi tulikuwa na ngome," akasema. "Twende tukazitafute kwa baiskeli."

Hapo ningemuuliza swali moja tu: je, huko Münster kuna milima? Hakuna. Nchi yote imelala kama kikaango cha chapati. Kwetu Kisii mlima haujamaliza kushuka, mwenzake ameanza kupanda. Hata uwanja wa mpira nilikochezea nikiwa mdogo ulikuwa na goli la juu na goli la chini, na nahodha aliyeshinda kura ya sarafu alichagua mteremko.

Nilijaribu kujiokoa. Nikamwambia ngome ya kweli ni Thimlich Ohinga, kule Migori: kuta za mawe yaliyopangwa bila tope wala saruji, nyingine zinapita mita 4 kwenda juu, zimesimama tangu karne ya 16, na UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Tena tungefika kwa matatu, tumekaa, tunakula njugu. Akatikisa kichwa. Alitaka za kwetu. Alitaka egesarate.

Alinishinda kwa neno hilo, kwa sababu mimi ndiye niliyemsimulia akiwa mtoto. Zamani vijana wa Abagusii waliokwisha kutahiriwa lakini hawajaoa hawakulala nyumbani kwa mama. Walikaa katika kambi za ng'ombe, ebisarate, zilizozungushiwa maboma mazito, wakilinda mifugo ya ukoo dhidi ya Wakipsigis, Wamaasai na yeyote mwingine aliyeamka na hamu ya maziwa ya mwenzake. Chakula waliletewa na mama na dada zao. Ulikuwa utaratibu mzuri sana, hasa kwa vijana. Serikali ya kikoloni ikazipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1910, kwani hakuna mtawala anayelala usingizi akijua kuna vijana wenye mikuki wamekaa pamoja, wameshiba, hawana kazi usiku.

Basi tukaenda kukodi baiskeli kwa fundi mmoja. Mpwa wangu alipata yenye gia. Mimi nikapewa Black Mamba ya tangu enzi za kubebea maziwa, yenye keria pana ya kutosha kulaza ndama. Nikabana breki, nikasikia kitu kikigonga mahali, baiskeli ikaendelea na safari yake.

"Mzee, breki iko," fundi akaniambia, "lakini usiitegemee."

Tukashika njia ya Manga. Sitaeleza kupanda kwenyewe, maana sikupanda, nilisukuma. Mama mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani alinipita, akanisabahi, akatokomea mbele kwenye kona bila kubadilisha mwendo. Watoto wakatoka nyumba hadi nyumba kunisindikiza. Mmoja aliuliza wenzake kwa sauti kubwa kwa nini mzee yule anaitembeza baiskeli. Mwingine akajibu kwamba labda imeugua.

Juu ya ukingo wa Manga nilijilaza kwenye nyasi hadi mapafu yaliporudi. Nikiri kwamba pale panafaa ngome. Upo Nyamira, lakini mji wa Kisii wote uko chini yako kama umemwagwa kutoka kwenye kikapu, na siku ya anga safi unaliona Ziwa Victoria likimeta kwa mbali. Adui yeyote angeonekana tangu asubuhi. Nikamwonyesha mpwa wangu mji ambao Wajerumani wake waliuingia Septemba 1914, wakitokea upande wa Tanzania ya leo, wakapigana na Waingereza tarehe 12, kisha wakarudi walikotoka.

"Hawakukaa," nikamwambia. "Labda nao walikuja kwa baiskeli."

Hakucheka. Alikuwa akitafuta kuta. Mbele yake kulikuwa na chai, migomba, mahindi, mikaratusi, nyumba ya mabati, chai tena, na choo kipya cha matofali. Hakuna kipande kilichokaa bure, hata cha kutosha kuzikia kuku.

Tulimkuta mzee mmoja ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, fimbo katikati ya magoti. Tulimwamkia kwa heshima zote, akatuuliza sisi ni wa nani, tukamweleza hadi kizazi cha tatu, akaridhika. Kisha nikamweleza shida yetu.

"Egesarate?" Akanyanyua fimbo, akaelekeza kwenye shamba la chai lililopakana na lake. "Palikuwa pale. Babu yangu alilala pale."

Tukaitazama ile chai. Ilikuwa chai nzuri, imechumwa sawasawa, na katikati yake amesimama mbuzi asiyestahili kuwa hapo.

"Na kuta, babu?" mpwa wangu akauliza.

"Kuta zilikuwa miti. Miti ikawa kuni." Akatuangalia kwa huruma. "Mlitaka zikae miaka mia moja na zaidi, zikiwangoja nyinyi?"

Mpwa wangu akatoa simu, akamwonyesha Vischering. Mzee akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Haya maji, ng'ombe wanakunywa?"

"Hapana, babu. Ni ya kuzuia maadui."

"Maadui gani?"

"Majirani."

"Ah." Hilo alilielewa mara moja. "Na hizi nyasi zote, ng'ombe wako wapi?"

Akaelezwa kwamba hakuna ng'ombe, nyasi hukatwa kwa mashine, kisha hutupwa. Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Halafu akauliza swali ambalo mimi, pamoja na vitabu vyangu, sikuwa nimeliwaza hata siku moja.

"Mwenye boma hili alikuwa na wana wangapi?"

Mpwa wangu akamweleza kwamba ni ukoo mmoja tu tangu zamani hizo, na kwamba ngome ilirithiwa na mwana mmoja.

"Mmoja! Wengine walikwenda wapi?"

"Wengi walipelekwa kanisani, babu. Wakawa mapadri. Mmoja wa ukoo huo alifika hadi kuwa askofu mkuu wa Köln."

Mzee akageuka kutazama shamba lake. Akanyoosha fimbo, akalikata hewani vipande vinne: huyu alipewa kutoka mkaratusi ule hadi kwenye mgomba, huyu kutoka kwenye mgomba hadi chooni, huyu ameuza chake, huyu yuko Nairobi lakini amejenga ili ndugu zake wasisahau.

"Mimi nina wana wanne," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyekubali kuwa padri."

Nilitamani kuongeza neno lakini sikuwa nalo. Nilikuwa nimekuja na maelezo yangu ya miti iliyooza na mkoloni aliyevunja, na mzee alikuwa amemaliza kazi kwa fimbo. Ngome ya Mjerumani imesimama kwa sababu kaka mmoja alichukua yote na wengine wakavishwa joho. Kwetu kila mwana ana haki yake, na haki yake inaanzia pale ukuta ulipokuwa. Siku hizi tunagombea hadi mipaka ya kaunti. Ukifika Keroka, Kisii na Nyamira zimevutana miaka juu ya nani akusanye ushuru wa soko. Baba yangu mwenyewe alituachia ekari mbili na nusu, tukiwa wanaume watano. Sehemu yangu ukiichimbia handaki pande zote, utabaki na handaki.

Saa nane mawingu yalikusanyika, na kila aliyezaliwa huku anajua maana yake. Mvua ya Kisii haina salamu. Mzee akatusihi tungoje, mpwa wangu akasema Münster hunyesha kila siku na watu huendesha tu. Tukaanza kushuka.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kauli ya fundi. Breki ya mbele ilikuwa pambo. Ya nyuma ilikuwa kiatu changu cha kushoto, nacho kilipokutana na matope ya murram iliyolowa kilijiuzulu. Nilimpita mpwa wangu na gia zake. Nilimpita yule mama wa mkungu, safari hii akirudi mikono mitupu, nikapata nafasi ya kumwona akishika mdomo. Kona ikaja, barabara ikaenda kulia, mimi sikwenda. Nikapiga ukelele wa "Baba!" Msomaji wa Pwani asidhani nilimwita mzee wangu: kwa Ekegusii "baba" ndiye mama, na baba mzazi ni "tata". Mtu akianguka anajua wa kumwita.

Nilitua katika mtaro uliochimbwa kuzuia maji yasibebe udongo, ukingo wake umepandwa nepia iliyokuwa ndefu kuniliko. Nepia ilinipokea vizuri. Maji yalinifika kiunoni, ya rangi ya kahawa ya maziwa, yanatembea. Baiskeli ilibaki juu, gurudumu la nyuma likizunguka taratibu. Nikasikia mlio wa kamera.

"Mjomba, usitoke kwanza," mpwa wangu akasema kutoka ukingoni. "Handaki la maji tumelipata."

Mwenye mtaro akaja na gunia kichwani kujikinga na mvua. Mong'ina, bibi mzee wa haja, mrefu, mwenye macho ya kuhesabu. Kwanza akasema pole. Akaniuliza kama nimevunjika, nikasema sijui. Kisha akaikagua nepia yake iliyolala na kukadiria kwamba ng'ombe wake wamepoteza chakula cha siku mbili. Shilingi 200. Nikazitoa mfukoni, zikidondosha maji.

"Tunaomba risiti," akasema mpwa wangu. Miaka sita ya Ujerumani.

Mong'ina akamtazama, akanitazama mimi, akaingia jikoni. Akatoka na mkungu wa ndizi, akaulaza kwenye keria ya Black Mamba.

Mpwa wangu akashuka zake kwa baiskeli, mvua na yote. Mimi nikaita bodaboda. Kijana wa pikipiki akanikagua mimi, matope na kiatu kimoja. Akaikagua baiskeli iliyopinda usukani. Akaubonyeza mkungu kujua kama umekomaa. Akafungua mpira wa kufungia mizigo.

"Abiria watatu," akasema.